Aina ya Rejeleo na Polimofizimu katika Java: Mwongozo Kamili kwa Anayekwama Palepale

Maswali ya wanaojifunza Java hufanana mno. "Methodi ipo, nimeiandika mwenyewe, mbona kompaila inasema haioni?" "Kibadilika nimekitangaza kuwa Abiria, kimenipaje nauli ya mwanafunzi?" "Kompaila imekubali kila kitu, halafu programu inakufa nikiiendesha."

Kwa juu ni maswali matatu, lakini mzizi wake ni mmoja: mwandishi hatenganishi aina iliyoandikwa kushoto kwa alama ya `=` na obijekti iliyoundwa kulia kwake. Masomo mengi hufundisha jambo hili kwa mbwa na paka wanaolia kila mmoja kwa sauti yake. Mfano huo unapendeza, ila unaficha tatizo, kwa sababu hakuna anayejaribu kumwita mbwa methodi ambayo mnyama hana. Hapa tutaijaribu, tuipate hitilafu, tuisome.

## Mahitaji

- JDK (kifurushi cha zana za kukompaili na kuendesha Java) toleo la 17 au jipya zaidi. Namna ya `instanceof` tutakayoitumia ilirasmishwa katika Java 16, hivyo toleo la 8 au 11 litakukwamisha. Toleo la 17 na la 21 yote hutunzwa kwa muda mrefu, chagua lolote.
- Kihariri chochote cha matini na terminali. Kwa zoezi hili, weka kando programu kubwa zenye kitufe kimoja cha kuendesha. Kitufe hicho huunganisha kukompaili na kuendesha, na somo lote hili limesimama juu ya kutenganisha nyakati hizo mbili.
- Karatasi na kalamu. Utachora mishale. Wanaoruka kuchora ndio hurudi na swali lilelile.
- Ujuzi wa awali: uwe unaweza kuandika klasi, konstrakta na neno `extends`.

## Hatua ya 1: Hakikisha vifaa vipo

Fungua terminali, andika:

```
java -version
javac -version
```

Zote mbili zikitaja 17 au zaidi, endelea. Ikiwa `java` inajibu lakini `javac` haipatikani, ulichonacho ni cha kuendeshea programu tu au njia ya mfumo (`PATH`) haijaelekezwa kwenye JDK. Sakinisha JDK kamili.

## Hatua ya 2: Tofautisha thamani na rejeleo

Tengeneza faili liitwalo `Safari.java`:

```java
class Abiria {
    String jina;

    Abiria(String jina) {
        this.jina = jina;
    }

    int nauli() {
        return 600;
    }
}

public class Safari {
    public static void main(String[] args) {
        int a = 600;
        int b = a;
        b = 200;
        System.out.println(a);

        Abiria x = new Abiria("Neema");
        Abiria y = x;
        y.jina = "Baraka";
        System.out.println(x.jina);
    }
}
```

Kompaili kwa `javac Safari.java`, kisha endesha kwa `java Safari`.

Ukifanikiwa utaona: `600`, halafu `Baraka`.

Mstari wa pili ndio wa kutafakari. Hatukugusa `x`, lakini jina lake limebadilika. Kibadilika cha `int` hubeba namba yenyewe, kwa hiyo `b = a` ilinakili namba na kila kimoja kikashika njia yake. Kibadilika cha aina ya `Abiria` hakibebi abiria. Kinabeba rejeleo, yaani njia ya kumfikia. Ni kama namba ya simu iliyohifadhiwa kwenye simu mbili kwa majina mawili: ukipiga kutoka simu yoyote, anayepokea ni mtu mmoja.

Sasa chukua karatasi. Chora kisanduku kikubwa, uandike ndani `Abiria, jina = Baraka`. Pembeni andika `x` na `y`, kila kimoja kikiwa na mshale unaoelekea kwenye kisanduku hicho kimoja. Kila ukiona `new`, chora kisanduku kipya. Kila ukiona `=` pasipo `new`, chora mshale tu.

### Rejeleo linapopelekwa kwenye methodi

Ongeza methodi hii ndani ya `Safari`, na uiite kwa `badili(x)` mwishoni mwa `main`, kisha uchapishe `x.jina` tena:

```java
static void badili(Abiria p) {
    p.jina = "Zawadi";
    p = new Abiria("Rehema");
}
```

Jibu ni `Zawadi`, wala si `Rehema`. Java ilinakili mshale, ikaukabidhi kwa `p`. Mstari wa kwanza ulifuata mshale huo hadi kwenye kisanduku na kukibadilisha. Mstari wa pili uligeuza mshale wa `p` peke yake kuelekea kisanduku kipya. Mshale wa `x` ulibaki ulipokuwa.

### Onyo kuhusu `==`

Kwa marejeleo, `==` huuliza kama mishale miwili inaelekea kisanduku kimoja. Haiangalii kilichomo. `new Abiria("Neema") == new Abiria("Neema")` ni `false` daima. Kwa maandishi tumia `equals`.

Na usidanganyike na majaribio madogo. `Integer` mbili zenye 127 zilizowekwa moja kwa moja zitalingana kwa `==`, lakini zenye 128 hazitalingana kwa mipangilio ya kawaida. Java huhifadhi obijekti zilizo tayari kwa namba za kuanzia -128 hadi 127 na kuzitumia tena. Programu inaweza kupita majaribio yote kwa namba ndogo na kuharibika siku namba zinapokua.

## Hatua ya 3: Jenga klasi mtoto

Chini ya `Abiria`, ongeza:

```java
class Mwanafunzi extends Abiria {
    String kitambulisho;

    Mwanafunzi(String jina, String kitambulisho) {
        super(jina);
        this.kitambulisho = kitambulisho;
    }

    @Override
    int nauli() {
        return 200;
    }

    void onyeshaKitambulisho() {
        System.out.println(jina + ": " + kitambulisho);
    }
}
```

Zingatia tofauti ya methodi mbili hizi. `nauli()` imeandikwa upya: ipo kwa mama, yaani klasi `Abiria`, na mtoto ameipa mwili wake. `onyeshaKitambulisho()` ni ya mtoto peke yake. Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua nini kinaruhusiwa katika hatua inayofuata.

Usiache `@Override` hata kama programu inakwenda bila hiyo. Ukikosea herufi moja ukaandika `nauIi`, kompaila itasimama na kukuambia kwamba hakuna methodi ya mama unayoiandika upya. Bila alama hiyo, Java itadhani umebuni methodi mpya, na mwanafunzi atatozwa 600 kimyakimya.

## Hatua ya 4: Uliza maswali mawili, kwa mpangilio

Futa yaliyomo ndani ya `main`, uweke:

```java
Abiria p = new Mwanafunzi("Neema", "S-014");
System.out.println(p.nauli());
```

Kabla ya kuendesha, andika ubashiri wako kwenye karatasi.

Ukifanikiwa utaona: `200`.

Mstari wa kwanza una aina mbili ndani yake. Kushoto kuna `Abiria`, aina ya rejeleo: ni ahadi inayosomwa na kompaila. Kulia kuna `Mwanafunzi`, aina ya obijekti: ndicho kilichopo ndani ya kumbukumbu ya kompyuta programu inapokwenda. Aina ya rejeleo haibadiliki maisha yote ya kibadilika. Obijekti inayoelekezwa inaweza kubadilika kila mstari.

Kila unapoona mwito kama `p.nauli()`, jiulize:

Swali la kwanza, wakati wa kukompaili: je, aina ya rejeleo inaijua methodi hii? Tazama kushoto tu. `Abiria` ina `nauli()`, basi mwito unaruhusiwa.

Swali la pili, wakati wa kuendesha: obijekti halisi ni ya klasi gani, na mwili wake wa methodi hii ni upi? Tazama kulia. Obijekti ni `Mwanafunzi`, aliyeandika upya `nauli()`, basi mwili wake ndio unaotekelezwa.

Polimofizimu ni hilo swali la pili. Msimbo mmoja, `p.nauli()`, hutoa matokeo tofauti kulingana na obijekti iliyopo nyuma ya mshale.

Mpangilio wa maswali ni wa lazima. Swali la kwanza likijibiwa hapana, la pili haliulizwi kabisa, kwa sababu hakuna programu ya kuendesha.

Aliyetoka C++ awe macho hapa. Kule methodi hufuata obijekti halisi pale tu mama alipoitangaza kwa neno `virtual`. Katika Java methodi za kawaida za obijekti hufanya hivyo bila kuombwa.

## Hatua ya 5: Pata hitilafu kwa makusudi, uisome

Ongeza mstari huu:

```java
p.onyeshaKitambulisho();
```

Kompaili. Utaona kitu kama hiki, ingawa namba ya mstari kwako inaweza kutofautiana:

```
Safari.java:36: error: cannot find symbol
        p.onyeshaKitambulisho();
         ^
  symbol:   method onyeshaKitambulisho()
  location: variable p of type Abiria
```

Wengi husoma mstari wa kwanza tu, wakarudi kuhakiki tahajia ya methodi. Soma wa mwisho. Unasema kibadilika `p` ni cha aina ya `Abiria`. Kompaila haisemi kwamba methodi haipo duniani; inasema ukiwa umesimama kwenye `Abiria` huioni.

"Lakini mstari wa juu yake tu nimeandika `new Mwanafunzi`, inashindwaje kujua?" Chukua methodi hii:

```java
static void kagua(Abiria p) {
    p.onyeshaKitambulisho();
}
```

Nani atapelekwa hapa? Leo mwanafunzi, kesho abiria wa kawaida asiye na kitambulisho. Kompaila inapoisoma methodi hii haina namna ya kujua atakayekuja, kwa hiyo inaruhusu kile tu ambacho kila abiria anacho. Kanuni hiyohiyo inatumika kila mahali, hata pale jicho lako linapoona jibu mstari mmoja juu. Binafsi naona ugumu huu ni hisani: hitilafu unayoipata mezani kwako ni nafuu kuliko ile anayoipata mteja.

Ondoa mstari huo kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 6: Vuna faida ya polimofizimu

Juu kabisa ya faili weka `import java.util.List;`. Ndani ya `main`:

```java
List<Abiria> basi = List.of(
    new Abiria("Baraka"),
    new Mwanafunzi("Neema", "S-014"),
    new Abiria("Zawadi")
);

int jumla = 0;
for (Abiria abiria : basi) {
    jumla += abiria.nauli();
}
System.out.println(jumla);
```

Ukifanikiwa utaona: `1400`.

Mzunguko haumjui mwanafunzi. Hakuna `if` inayouliza nani ni nani. Sasa ongeza klasi nyingine:

```java
class MtotoMchanga extends Abiria {
    MtotoMchanga(String jina) {
        super(jina);
    }

    @Override
    int nauli() {
        return 0;
    }
}
```

Mweke mmoja kwenye orodha, endesha tena. Jumla inabaki 1400 na mzunguko hukuugusa hata herufi. Kama ungeandika mlolongo wa `if` za aina za abiria, ungelazimika kuusaka kila mahali unapotumika: kwenye jumla, kwenye risiti, kwenye ripoti. Ukisahau mahali pamoja, mtoto mchanga analipa 600.

### Onyo la orodha za watoto

Ukiandika `static int jumlisha(List<Abiria> orodha)` kisha ukaipelekea `List<Mwanafunzi>`, kompaila itakataa. Inashangaza, kwa kuwa mwanafunzi ni abiria. Fikiria ingekubali: ndani ya `jumlisha` mtu angeweza kuandika `orodha.add(new Abiria("Baraka"))`, na orodha iliyotangazwa kuwa ya wanafunzi pekee ingepata mgeni.

Dawa, kama unasoma tu na huongezi, ni kutangaza kigezo hivi:

```java
static int jumlisha(List<? extends Abiria> orodha)
```

Arei hazina ulinzi huo. Java hukuruhusu kuiita `Mwanafunzi[]` kwa jina la `Abiria[]`, kisha ukijaribu kupachika abiria wa kawaida ndani yake programu hufa kwa `ArrayStoreException`. Hiyo ni sababu mojawapo ya kupendelea orodha.

## Hatua ya 7: Shuka kwa mtoto bila kuanguka

Wakati mwingine unahitaji kweli kile cha mtoto pekee. Njia ya zamani ni kukasti, yaani kuandika aina ya mtoto ndani ya mabano mbele ya rejeleo:

```java
Mwanafunzi m = (Mwanafunzi) p;
m.onyeshaKitambulisho();
```

Kukasti hakubadilishi obijekti. Kisanduku kwenye karatasi yako kinabaki kilekile. Umechora mshale mwingine wenye ahadi pana zaidi. Ndiyo maana hata ukienda upande wa pili, `((Abiria) m).nauli()`, bado unapata 200. Ahadi imepungua, obijekti ni yuleyule mwanafunzi.

Hatari iko hapa:

```java
Abiria q = new Abiria("Baraka");
Mwanafunzi n = (Mwanafunzi) q;
```

Hii inakompaili bila neno. Umeiambia kompaila "niamini", nayo imekuamini, kwa sababu abiria *anaweza* kuwa mwanafunzi. Ukiendesha, Java inakagua kisanduku, inamkuta abiria wa kawaida, na programu inakatika kwa `ClassCastException`. Ukijaribu kumkasti abiria kuwa `String`, hapo kompaila inakataa mapema, maana klasi hizo hazina ukoo wowote.

Njia salama huuliza na kushuka kwa pamoja. Iweke mahali pa mistari hiyo ya kukasti:

```java
if (p instanceof Mwanafunzi m) {
    m.onyeshaKitambulisho();
}
```

Kibadilika `m` kinapatikana ndani ya mabano ya `if` tu, na tayari ni cha aina ya `Mwanafunzi`. Hata `p` ikiwa `null`, yaani haina mshale wa kwenda popote, hakuna ajali: `instanceof` hujibu `false`.

Tukiwa hapohapo kwenye `null`: ukipata `NullPointerException` inayolalamikia kitu kiitwacho `"<local1>"`, usitafute jina hilo kwenye msimbo wako. Faili limekompailiwa bila majina ya vibadilika vya ndani. Kompaili tena kwa `javac -g Safari.java`, na ujumbe utataja jina halisi.

Neno langu kuhusu `instanceof`: ikitokea mara moja kwenye programu, sawa. Ukiona tatu zimepangana, kila moja ikiuliza klasi tofauti, kwa kawaida kuna methodi iliyopaswa kuwekwa kwa mama ikaandikwa upya na watoto. Rudi Hatua ya 6.

## Hatua ya 8: Jifunze mahali ambapo polimofizimu haifiki

Hapa ndipo hata wenye uzoefu hujikwaa. Swali la pili, lile la kutazama kulia, ni la methodi za kawaida za obijekti peke yake. Kwingine kote jibu hutoka kushoto, na hukaa hivyo.

### Sifa

Mpe `Abiria` sifa `String aina = "kawaida";` na `Mwanafunzi` sifa ya jina hilohilo, `String aina = "mwanafunzi";`. Kisha (ikiwa `p` ya Hatua ya 4 bado ipo ndani ya `main`, acha mstari wa kwanza):

```java
Abiria p = new Mwanafunzi("Neema", "S-014");
System.out.println(p.aina);
System.out.println(((Mwanafunzi) p).aina);
```

Utapata `kawaida`, halafu `mwanafunzi`. Obijekti moja ina sifa mbili zenye jina moja, na aina ya rejeleo ndiyo inayochagua ipi isomwe. Usirudie jina la sifa ya mama kwa mtoto. Ukihitaji jibu tofauti, tumia methodi.

### Methodi za `static` na za `private`

Methodi ya `static` ni ya klasi, haina obijekti nyuma yake, hivyo hakuna cha kutazama kulia. Ya `private` haionekani kwa mtoto. Akiandika yenye jina hilo, ni methodi nyingine kabisa.

### Methodi za jina moja zenye vigezo tofauti

Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote. Ndani ya `Safari` weka:

```java
static void karibisha(Abiria p) {
    System.out.println("Karibu abiria");
}

static void karibisha(Mwanafunzi m) {
    System.out.println("Karibu mwanafunzi");
}
```

Kisha zungusha orodha ileile ya basi:

```java
for (Abiria abiria : basi) {
    karibisha(abiria);
}
```

Mtu anatarajia Neema akaribishwe kama mwanafunzi. Hakaribishwi hivyo. Kila mstari unasema `Karibu abiria`.

Kuchagua kati ya methodi mbili zenye jina moja na vigezo tofauti ni kazi ya kompaila, na kompaila inatazama kushoto tu. Kibadilika `abiria` kimetangazwa kuwa `Abiria`, basi ikachagua ya kwanza na kuifunga humo kabla programu haijaanza. Obijekti zinapofika wakati wa kuendesha, uamuzi umeshapita.

Kwa hiyo mwito mmoja una maamuzi mawili. Kompaila huchagua *saini* ya methodi, yaani jina na aina za vigezo, kwa kutazama aina za marejeleo. Baadaye mashine ya Java huchagua *mwili* wa saini hiyohiyo kwa kutazama obijekti iliyo kabla ya nukta. Obijekti zilizo ndani ya mabano hazishiriki katika uamuzi wa pili.

Dawa: hamisha ukaribisho uwe methodi ya `Abiria`, mtoto aiandike upya, kisha uite `abiria.karibishwa()`.

### Mtego huohuo ndani ya `equals`

Watu wengi huandika hivi ndani ya klasi yao:

```java
public boolean equals(Abiria mwingine) {
    return jina.equals(mwingine.jina);
}
```

Ukijaribu kwa mkono, inafanya kazi. Ukiuliza `basi.contains(new Abiria("Baraka"))`, jibu ni `false` na Baraka yupo. Orodha huita `equals` inayopokea `Object`, na wewe hukuiandika upya hiyo; umeongeza nyingine pembeni. Ungeweka `@Override`, kompaila ingekukamata papo hapo.

Sahihi ni hii, na kila ukiandika `equals` andika na `hashCode`, la sivyo mikusanyo ya `HashSet` na `HashMap`, inayotafuta vitu kwa `hashCode`, itakupotezea vitu:

```java
@Override
public boolean equals(Object o) {
    return o instanceof Abiria a && jina.equals(a.jina);
}

@Override
public int hashCode() {
    return jina.hashCode();
}
```

## Hatua ya 9: Usiite methodi inayoweza kuandikwa upya ndani ya konstrakta

Mpe `Abiria` methodi `tangaza()`, uiite mwishoni mwa konstrakta yake. Kisha `Mwanafunzi` aiandike upya ili ichapishe jina na kitambulisho. Unda mwanafunzi mmoja.

Utaona `Neema null`.

Konstrakta ya mama hukimbia kwanza, kupitia `super(jina)`. Wakati huo kitambulisho bado hakijawekwa. Lakini obijekti tayari ni `Mwanafunzi`, na swali la pili linafanya kazi yake kama kawaida: mwili wa mtoto unaitwa juu ya obijekti ambayo haijakamilika. Polimofizimu haijakosea, wewe umeiita mapema. Ndani ya konstrakta weka sifa tu, au uite methodi zilizofungwa kwa `private` au `final`.

## Hatua ya 10: Jipime kabla ya kuendesha

Andika majibu matano kwenye karatasi kwanza. Ukiendesha kabla ya kubashiri, umejinyima zoezi.

```java
class Chombo {
    String jina = "chombo";

    String eleza() {
        return "Mimi ni " + jina;
    }

    void pita(Chombo c) {
        System.out.println("chombo na chombo");
    }
}

class Jahazi extends Chombo {
    String jina = "jahazi";

    @Override
    String eleza() {
        return "Tanga juu: " + jina;
    }

    void pita(Jahazi j) {
        System.out.println("jahazi na jahazi");
    }
}

public class Mtihani {
    public static void main(String[] args) {
        Chombo c = new Jahazi();
        Jahazi j = new Jahazi();

        System.out.println(c.jina);
        System.out.println(c.eleza());
        c.pita(j);
        j.pita(c);
        j.pita(j);
    }
}
```

Majibu:

1. `chombo`. Ni sifa, na sifa hufuata aina ya rejeleo.
2. `Tanga juu: jahazi`. Methodi imeandikwa upya, obijekti ni jahazi. Ndani ya mwili huo, `jina` ni sifa ya `Jahazi`, kwa kuwa msimbo umeandikwa humo.
3. `chombo na chombo`. Hapa ndipo wengi huanguka. Kompaila ilitazama `Chombo`, ikakuta `pita` moja tu, inayopokea `Chombo`. Ikafunga saini hiyo. Mashine ya Java ikaenda kwa `Jahazi` kutafuta aliyeandika upya saini *hiyo*. Hakuna, maana `pita(Jahazi)` ni saini nyingine.
4. `chombo na chombo`. `Jahazi` inazijua saini zote mbili, moja kwa kurithi, lakini `c` imetangazwa kuwa `Chombo`.
5. `jahazi na jahazi`. Pande zote mbili za mwito zimetangazwa kuwa `Jahazi`.

Ukikosa la 1, rudia Hatua ya 8 kwenye kipengele cha sifa. Ukikosa la 2, rudia ya 4. Ukikosa la 3 au la 4, rudia mtego wa vigezo tofauti, safari hii ukiandika kando ya kila mwito: saini iliyochaguliwa, kisha mwili uliotekelezwa.

Ukipata yote, futa `eleza()` ndani ya `Jahazi`, iache ile ya `Chombo` peke yake, kisha bashiri tena mstari wa pili. Ukisema `Mimi ni jahazi`, tazama mwili huo umeandikwa ndani ya klasi gani, na `jina` linaloonekana kutoka pale ni lipi. Java itachapisha `Mimi ni chombo`.